Ishara ya hospitali barabarani ni ahadi, nayo ahadi ni deni

KILA inapotokea ajali mbaya usiku katika barabara kuu za nchi hii, mambo hufuata utaratibu ambao Wakenya wameshauzoea. Wenyeji hutoka makwao wakiwa na tochi, mashoka na mitaimbo. Magari yanayopita husimamishwa. Dereva wa matatu, wa pikapu ya kubebea mboga au wa gari dogo la kibinafsi hufunguliwa milango kabla hajasema neno, majeruhi wawili au watatu wakalazwa kwenye viti vyake, na sauti kutoka gizani ikamwamuru akimbie hospitali.

Hospitali ipi, na iko upande gani? Ikiwa dereva huyo ni mwenyeji, jibu analo. Lakini barabara kuu, kwa maumbile yake, ni ya wapita njia. Aliyesimamishwa huenda ametoka Busia akielekea Mombasa, au ametoka Meru akienda Kisumu kumzika jamaa yake, na hajawahi kukanyaga mji ulio mbele yake. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, ila saa nane za usiku hakuna wa kuulizwa. Anachobaki nacho ni kile ambacho serikali imekiandika kando ya lami.

Na hapo ndipo penye kasoro. Dereva huyo ataonyeshwa kwa usahihi umbali wa mji ufuatao, njia ya kwenda mbugani, daraja lililo mbele na mahali ambapo ndovu huvuka. Mahali ambapo abiria aliyemlaza kwenye kiti cha nyuma anaweza kuongezwa damu kabla ya mapambazuko, mara nyingi hataonyeshwa. Akionyeshwa, kibao hakimwambii kama huko kuna daktari aliye macho.

Suala hili linaweza kuonekana dogo likilinganishwa na uhaba wa madaktari, migomo ya wahudumu wa afya na madeni ya hospitali za umma. Hata hivyo, ukubwa wake hudhihirika mtu akizitazama takwimu. Kwa mujibu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, watu 4,324 walifariki katika ajali za barabarani mwaka 2023. Mwaka uliofuata, idadi hiyo ilipanda hadi 4,748. Hiyo ni wastani wa watu 13 kwa siku, sawa na kuangamiza abiria wote wa matatu moja kila uchao, mwaka mzima.

Si wote hao ambao wangeweza kuokolewa. Wapo wanaokata roho papo hapo, na hao hakuna ishara wala ambulensi ya kuwafaa. Lakini lipo kundi jingine linalotolewa kwenye vyuma likiwa hai, likizungumza hata, kisha likafa njiani au kwenye kiambaza cha kituo kisicho na uwezo wa kulitibu. Madaktari wa majeraha wamezoea kuitaja “saa ya dhahabu”, ijapokuwa wataalamu hawakubaliani kwamba mpaka wenyewe ni dakika 60 kamili. Wanachokubaliana ni kwamba mtu anayevuja damu ndani ya tumbo hahitaji kufikishwa hospitali yoyote tu. Anahitaji kufikishwa mahali penye damu, chumba cha upasuaji na mtu wa kupasua, tena upesi.

Ifahamike pia kwamba nchini Kenya majeruhi wengi hawabebwi na ambulensi. Wanabebwa na wasamaria wema na magari ya polisi. Katika mataifa ambako ambulensi hufika haraka, dereva wake anaijua njia, kwa hivyo ishara ya barabarani huwa ni msaada wa ziada kwa mwananchi wa kawaida. Hapa mambo ni kinyume. Dereva wa dharura ndiye mwananchi wa kawaida mwenyewe, asiye na mafunzo, king’ora wala simu ya upepo. Nchi inayomtegemea mtu kama huyo ndiyo inayohitaji zaidi ishara zilizo wazi.

Historia ya karibuni imejaa mifano. Mnamo Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipolipuka Sachangwan, karibu na Molo, zaidi ya watu 100 waliangamia na wengine wengi wakaachwa na majeraha ya moto. Oktoba 10, 2018, basi lililokuwa likitoka Nairobi kuelekea Kakamega lilibingirika alfajiri katika eneo la Fort Ternan, Kaunti ya Kericho, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Jioni ya Juni 30, 2023, lori liliacha njia katika makutano ya Londiani, likayagonga magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, na watu 52 wakapoteza maisha. Katika mikasa yote hiyo, wenyeji na wapita njia walikuwa miongoni mwa waokoaji wa kwanza.

Herufi H ina maana gani?

Wengi wa waliopitia shule za udereva wanaikumbuka ishara yenye herufi H nyeupe juu ya usuli wa samawati. Waliikariri kwa ajili ya mtihani, wakaambiwa kuwa maana yake ni hospitali, na mjadala ukaishia hapo.

Ukweli ni kwamba asili ya alama hiyo si ile inayodhaniwa na wengi. Katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu ishara za barabarani, ambao umeathiri ishara za mataifa mengi duniani, alama ya hospitali iliwekwa ili kumtahadharisha dereva anayepita karibu na wagonjwa, hasa asipige kelele zisizo za lazima. Kazi ya kumwelekeza mtu anayetafuta msaada ilipewa ishara nyingine kabisa, ile ya kituo cha huduma ya kwanza. Kwa maneno mengine, H ya mkataba huo humwambia dereva anyamaze, wala haimwambii kwamba hapa atasaidiwa. Tofauti hiyo haina madhara mchana wa kawaida, lakini kwa mtu aliyebeba majeruhi, ina uzito wa uhai na mauti.

Mataifa kadhaa yaliitambua tofauti hiyo zamani. Nchini Uingereza, hospitali yenye kitengo cha ajali na dharura huonyeshwa barabarani kwa rangi nyekundu, ilhali isiyo na kitengo hicho huonyeshwa kwa samawati. Pale ambapo kitengo hakihudumu usiku na mchana, kibao husema hivyo bila kuficha. Dereva hahitaji kuijua hospitali kwa jina. Rangi inamtosha.

Marekani nayo ilikwenda mbali zaidi. Mwongozo wa kitaifa wa ishara za barabarani nchini humo unazitaka serikali za majimbo ziweke masharti kabla ya kusimamisha kibao cha kuelekeza watu kwenye huduma za dharura za matibabu. Miongoni mwa masharti yanayopendekezwa ni kwamba hospitali ihudumu saa 24 kila siku ya wiki, iwe na kitengo cha dharura chenye daktari aliyefunzwa kazi hiyo, au muuguzi wa dharura aliye zamuni huku daktari akiwa tayari kuitwa, iwe imeidhinishwa na jimbo, na iwe na vyombo vya kuwasiliana na ambulensi. Kituo cha ambulensi nacho, ili kionyeshwe barabarani, sharti kiwe na watu wawili wenye vyeti na gari linaloweza kuzungumza na hospitali.

Hata nembo yenyewe ina kisa chake. Ile nyota ya samawati yenye pembe sita na nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo, ambayo huonekana pia kwenye ambulensi za humu nchini, ilibuniwa Marekani mwaka 1973 baada ya Shirika la Msalaba Mwekundu la nchi hiyo kulalamika kwamba msalaba wa rangi ya chungwa uliokuwa ukitumika ulifanana mno na nembo yake. Nembo ya msalaba mwekundu inalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, na haikukusudiwa kuwa pambo la kila duka la dawa. Nchini Kenya, anayesafiri huiona imepakwa kwenye milango ya zahanati za kibinafsi na maduka ya dawa, kana kwamba ni rangi kama rangi nyingine.

Linalojitokeza katika mifano hiyo ni kwamba kibao huja mwisho. Kwanza huulizwa kama huduma ipo, ipo saa ngapi, na inatolewa na nani. Jibu likiridhisha, ndipo nguzo inachimbiwa.

Ngazi sita, kibao kimoja

Mfumo wa afya wa Kenya umegawanywa katika ngazi sita. Ngazi ya kwanza ni huduma katika jamii, ya pili ni zahanati, ya tatu ni kituo cha afya, ya nne ni hospitali ya kaunti ndogo, ya tano ni hospitali ya rufaa ya kaunti, na ya sita ni ya rufaa ya kitaifa. Maafisa wa wizara wanaujua mpangilio huo kama wanavyovijua viganja vya mikono yao. Msafiri haujui, na hakuna anayeweza kumlaumu.

Zahanati nyingi hufungwa jioni. Kituo cha afya kinaweza kumfunga mtu bandeji, kumtundikia maji na kumzalisha mama, lakini hakina chumba cha upasuaji mkubwa. Hata kati ya hospitali za ngazi ya nne, tofauti ni kubwa: ipo yenye eksirei inayofanya kazi na damu kwenye jokofu, na ipo iliyopandishwa hadhi kwa tangazo la kisiasa huku wadi zake zikisalia jinsi zilivyokuwa.

Kibao kinachosema “hospitali” bila kueleza zaidi huzifunika tofauti hizi zote. Matokeo yake ni safari mbili badala ya moja. Dereva hukata kona, akafika langoni, akaambiwa na mlinzi kwamba daktari hayupo hadi asubuhi, kisha akarudi barabarani kuanza upya akiwa amepoteza nusu saa ambayo majeruhi hakuwa nayo.

Chukua barabara ya Nairobi hadi Mombasa, yenye urefu wa takriban kilomita 480. Kati ya Mtito Andei na Voi kuna mwendo wa karibu kilomita 100, sehemu kubwa ikiwa ndani ya mbuga ya Tsavo ambako makao ya watu ni haba na mtandao wa simu si wa kutegemewa kila mahali. Dereva aliyepakia majeruhi katikati ya nyika hiyo analazimika kuamua mara moja. Je, aendelee hadi Voi, iliko hospitali ya rufaa ya kaunti, au ageuze gari na kurudi Mtito Andei? Na akirudi Mtito Andei, je, huko kuna wa kumpasua mgonjwa usiku ule au itambidi aendelee hadi Makindu? Uamuzi huo hufanywa kwa kubahatisha. Vibao viwili, kimoja kikionyesha kilomita zilizobaki hadi Voi na kingine kikionyesha zilizobaki nyuma, vingeuondoa ubahatishaji huo.

Mahali pa kuweka kibao nako ni sayansi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa magari ya abiria, hupita mita 22 kila sekunde. Kibao kilichosimamishwa kwenye kona yenyewe, nyuma ya mti au kibanda cha mahindi, husomwa wakati ambapo kona imekwisha kupitwa. Kwenye barabara yenye njia kadhaa kila upande kama ile ya Thika, aliyekosa mahali pa kutokea hana ruhusa ya kurudi nyuma, na huenda akalazimika kwenda mbali ndipo apate pa kugeukia. Ndiyo maana ishara ya dharura hutakiwa kurudiwa mara tatu: kabla ya njiapanda ili dereva ajiandae, kwenye njiapanda yenyewe ili akate kona, na baada ya kona ili ajue hajapotea.

Kadhalika, lipo suala la lugha. Katiba, kwenye kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lakini vibao vingi vya barabara kuu vimeandikwa kwa Kiingereza pekee. Neno “hospitali” linaeleweka kwa urahisi katika lugha zote mbili, hilo halina ubishi. Ugumu huanza pale panapohitajika maelezo ya ziada, kwa mfano kwamba kitengo cha majeruhi kiko wazi usiku kucha. Maelezo hayo yakiandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu, hayamfai utingo aliyekabidhiwa usukani baada ya dereva wake kuumia.

Mtoto wa wawili hulala njaa

Swali linalofaa kuulizwa ni kwa nini jambo lenye gharama ndogo kama hili limebaki bila mwenyewe kwa miaka mingi. Jibu linapatikana katika mgawanyo wa majukumu.

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeziacha barabara kuu za kitaifa mikononi mwa serikali kuu. Jedwali hilohilo limezikabidhi serikali za kaunti vituo vya afya pamoja na huduma za ambulensi. Barabara za kitaifa husimamiwa na KeNHA, mojawapo ya mamlaka tatu zilizoundwa na Sheria ya Barabara Kenya ya mwaka 2007, pamoja na KURA ya barabara za mijini na KeRRA ya zile za mashambani. Hospitali za Voi na Makindu zinasimamiwa na magavana.

Hivyo basi, mwenye nguzo hana hospitali, na mwenye hospitali hana ruhusa ya kuchimba shimo la nguzo kando ya barabara kuu. Mhandisi wa barabara hawezi kujua kama daktari wa upasuaji amehamishwa. Waziri wa afya wa kaunti naye hawezi kujua ni lini barabara itapakwa mistari na kuwekewa ishara mpya. Ile ya Mombasa pekee hupitia au hupakana na Machakos, Kajiado, Makueni, Taita Taveta, Kwale na Kilifi kabla ya kuingia kisiwani. Ajali haijali mpaka wa kaunti, lakini bajeti inaujali sana.

Pengo linaloachwa na serikali hujazwa na biashara. Anayeingia mji wowote ulio kando ya barabara kuu hulakiwa na msitu wa mabango: makanisa, shule za bweni, hoteli, vyuo, na katikati yake kliniki za kibinafsi zinazojitangaza kuhudumu saa 24. Kuweka bango ndani ya hifadhi ya barabara kunahitaji idhini ya mamlaka husika na malipo ya ada. Idhini hiyo hutazama nafasi na usalama wa bango, wala haithibitishi kwamba kuna daktari nyuma yake. Kwa sababu hiyo, kliniki yenye vyumba viwili inaweza kuwa na bango kubwa kuliko hospitali ya rufaa ya kaunti, na dereva aliyechanganyikiwa ataifuata ile inayoonekana.

Sheria inasemaje?

Wapo watakaosema kwamba haya ni mapambo tu, na kwamba sheria haiilazimishi serikali kumwonyesha mtu njia. Hoja hiyo haina mashiko. Kifungu cha 43, ibara ya 2, ya Katiba kinasema kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika sehemu ya 7, inaeleza kuwa matibabu hayo yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, kuituliza hali ya mgonjwa na kupanga apelekwe kwingine inapobidi. Kituo chenye uwezo wa kutoa huduma hiyo kikakataa hukabiliwa na faini isiyozidi Sh3 milioni. Ikiwa haki ya majeruhi huanza kabla ya lango la hospitali, basi njia ya kulifikia lango hilo ni sehemu ya haki hiyo.

Aidha, Kenya imejifunga kwa ahadi nyingine. Umoja wa Mataifa ulitangaza mwongo wa kwanza wa usalama barabarani kuanzia 2011 hadi 2020, na huduma baada ya ajali ikawa mojawapo ya nguzo zake tano. Mwongo wa pili, wa 2021 hadi 2030, unalenga kupunguza vifo kwa nusu. Sera ya Kenya kuhusu huduma za dharura za matibabu ya mwaka 2020 hadi 2030 nayo inatambua kwamba huduma hizo zimetawanyika na zinahitaji kuunganishwa. Nyaraka hazikosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kuulizwa kwa nini nguzo haipo.

Hata hivyo, itakuwa ni kujidanganya kudhani kwamba kibao peke yake kitaokoa maisha. Oktoba 2015, mwanamume aliyekuwa amegongwa na gari jijini Nairobi alikaa ndani ya ambulensi kwa saa 18 huku akitafutiwa kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi, kutoka hospitali moja hadi nyingine. Hatimaye alifariki. Dereva wake hakukosa kuijua njia. Kilichokosekana ni mlango wa kumpokea. Kisa hicho kilizua hasira nchini kote, na kinafaa kumkumbusha kila anayepanga ishara kwamba kumwelekeza mgonjwa mahali pasipo na huduma ni kumwongezea mateso.

Ni kwa sababu hiyo ishara hizi zinafaa kuanzwa kwa orodha, kabla ya rangi na mabati. Wizara ya Afya na kaunti zingekaa pamoja na KeNHA, zikaainisha katika kila barabara kuu ni hospitali zipi zinazoweza kumpokea majeruhi mahututi saa yoyote. Zile zinazohitimu zingepewa ishara ya rangi yake ya pekee, yenye umbali kwa kilomita. Zisizohitimu zingebaki na H ya kawaida. Orodha hiyo ingekaguliwa kila mwaka, na hospitali iliyopoteza uwezo ingefunikwa kibao chake hadi iurejeshe. Gavana ambaye kibao cha hospitali yake kimefunikwa mbele ya wapigakura wote wanaopita hangehitaji kukumbushwa mara mbili.

Zipo pingamizi zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba siku hizi kila mtu ana simu yenye ramani. Ni kweli kwamba ramani hizo zimesaidia wengi mijini. Lakini anayeendesha gari kwa kasi huku mtu akipiga mayowe nyuma yake hawezi kuchezea simu, na ramani yenyewe inaweza kumwonyesha zahanati, duka la dawa na hospitali ya rufaa kwa alama zinazofanana. Kibao hakihitaji chaji wala mtandao.

Ya pili ni wizi. Ishara na vyuma vya kingo za barabara vimekuwa vikiibwa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu, na Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo kwa muda kutokana na uharibifu wa miundomsingi. Tatizo hilo ni la kweli, lakini linahusu ishara zote. Hakuna aliyewahi kupendekeza kwamba vibao vya kupunguza kasi viondolewe kwa kuwa huibwa. Mahali ambapo chuma hakidumu, zege au plastiki ngumu hutumika.

Ya tatu ni kwamba fedha ziende kwanza kwenye ambulensi. Hakika ambulensi zinahitajika, na nambari za dharura kama 999 na 112 za polisi au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya zinafaa kuandikwa kwenye kibao hichohicho. Lakini ambulensi moja huhitaji mafuta, matairi na wahudumu kila siku. Nguzo huchimbiwa mara moja. Hadi siku ambulensi zitakapotosha, wasamaria wema wataendelea kubeba majeruhi, na hawapaswi kuachwa wakipapasa gizani.

Nafasi ya kuanza ipo. Upanuzi wa barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit, inayopitia Naivasha, Gilgil, Nakuru, Salgaa na Sachangwan, ulizinduliwa mwishoni mwa mwaka 2025. Ni barabara ambayo majina ya vituo vyake yanafahamika zaidi kwa ajali kuliko kwa mazao ya mashamba yake. Mikataba ya ujenzi huorodhesha kila kitu, kuanzia unene wa lami hadi idadi ya ishara. Kuongeza ishara za huduma za dharura wakati ambapo michoro bado iko mezani ni rahisi kuliko kuzichimbia baada ya utepe kukatwa.

Ahadi ni deni, na kibao kinachoelekeza kwenye hospitali ni ahadi iliyoandikwa na serikali kwa herufi kubwa, mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Serikali ambayo haijasimamisha kibao chochote imekwepa kuahidi. Iliyokisimamisha mbele ya hospitali isiyo na daktari wa usiku imeahidi uongo. Dereva wa pikapu ya mboga, aliyetoka nyumbani kutafuta riziki na sasa amembeba mtoto wa watu asiyemjua jina, hawezi kukagua ukweli wa ahadi hiyo hadi afike langoni na kushusha kioo.